Uzito, Maji na Hewa: Kempa ya Pikapu Katika Majira ya Theluji

Tarehe 3 Januari 2022 mvua iligeuka theluji katika jimbo la Virginia, Marekani, na kabla ya usiku kuingia barabara kuu ya I-95 kusini mwa Washington ilikuwa imeziba. Malori yaliteleza yakalala mkingamo, magari madogo yakakwama nyuma yake, na sehemu iliyofungwa ikafika kilomita 77 hivi. Chumvi haikuwa imemwagwa mapema kwa sababu mvua ingeiosha yote. Seneta Tim Kaine alitoka Richmond saa saba mchana kwa safari ya kawaida ya saa mbili. Alifika Bungeni baada ya saa 27. Watu walizima injini ili kuokoa mafuta, wakaziwasha tena baridi ilipowaingia mifupani. Familia moja iliyokuwa ikirudi kutoka Florida ilipita kati ya magari ikigawa machungwa, na lori la mikate likafunguliwa ili wenye njaa wapate chochote.

Katika foleni ya namna hiyo, mwenye kempa ya pikapu hana budi kuonewa wivu. Amebeba nyumba yake mgongoni mwa gari: kitanda, jiko, maji ya kunywa, hita na blanketi. Anaegesha, anapita mlango wa nyuma, anachemsha chai na kulala hadi barabara ifunguliwe. Picha hiyo ina ukweli, na ndiyo inayowauzia watu vibanda hivi kila mwaka kote Marekani na Kanada. Lakini haimwonyeshi mtu kwamba kibanda kilekile kinachomwokoa barabarani kinaweza kumwangusha mlimani, kumloweshea godoro, au kumlaza usingizi asiamke tena.

Kempa ya pikapu ni chumba kamili kinachopandishwa juu ya sehemu ya mizigo ya pikapu na kufungwa kwenye fremu kwa minyororo na skrubu za kukaza. Kitanda chake hutokeza mbele, juu ya paa la dereva. Kikiteremshwa kwa miguu yake minne ya kujiinua, pikapu hubaki gari la kazi kama zamani. Mwandishi John Steinbeck aliagiza pikapu ya GMC yenye kibanda kilichoundwa na kampuni ya Wolverine ya Michigan, akaliita gari hilo Rocinante, na mwaka 1960 akazunguka nalo Marekani akiwa na mbwa wake Charley. Kitabu cha safari hiyo kilitoka 1962, na gari lenyewe limehifadhiwa katika makumbusho yenye jina lake mjini Salinas, California. Steinbeck aliondoka Septemba na kuyapita majimbo ya kaskazini kabla baridi kali haijashika. Wengi bado hufuata hesabu hiyo: majira ya baridi yakikaribia wanashuka jangwani Arizona, karibu na Quartzsite, ambako kibali cha serikali humruhusu mtu kukaa kwenye ardhi ya umma kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili.

Wapo wanaokwenda upande wa pili. Mount Baker, jimbo la Washington, ilipimwa theluji ya zaidi ya mita 28 katika msimu wa 1998–99, kiasi kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kupimwa duniani katika msimu mmoja. Wapenda kuteleza kwa ski hulala hapo hapo kwenye maegesho ili asubuhi wawe wa kwanza mlimani. Wapo pia mafundi wa muda, wawindaji, wapiga picha, na watu wasio na nyumba nyingine. Hao ndio wanaoijua kempa kwa undani, na kwa wengi wao baridi yenyewe haishiki nafasi ya kwanza katika orodha ya matatizo. Baridi hujibiwa kwa nguo, mafuta na gesi. Yanayowasumbua ni uzito, maji na hewa, na mara nyingi shida huletwa na kile kile mtu anachofanya ili apate joto.

Uzito huanza kabla ya safari. Kwenye fremu ya mlango wa dereva wa kila pikapu inayouzwa Marekani kuna kibandiko kinachotaja jumla ya uzito wa watu na mizigo ambao gari hilo linaruhusiwa kubeba. Pikapu za kawaida za daraja la Ford F-150 huandikiwa kilo 700 hadi 900 hivi. Kempa yenye kuta ngumu, ikijazwa maji, gesi, vyakula na vyombo, hufika kilo 1,400 na baadhi huzidi 2,000. Ndiyo maana wanaojua huchukua pikapu nzito kama F-350 au Ram 3500, mara nyingi yenye tairi nne kwenye ekseli ya nyuma. Majira ya baridi huongeza mizigo yake: minyororo ya tairi, sepetu, mitungi ya akiba, mavazi mazito, na theluji yenyewe. Sentimita 30 za theluji mpya zikitua juu ya paa la mita za mraba 12 zinaweza kuongeza kilo 300 na zaidi, tena mahali pabaya kuliko pote, juu kabisa. Dereva akifunga breki, zigo hilo huteleza na kukifunika kioo cha mbele. Akiongeza mwendo, vipande vya barafu humrukia anayemfuata. New Hampshire ina sheria inayomwadhibu dereva asiyesafisha gari lake kwa sababu hiyo hasa, na haikutungwa bure: kuna mtu aliyepoteza maisha.

Kuna jambo kuhusu uzito ambalo huwapotosha hata madereva wazoefu. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na kwenye theluji tairi zake za nyuma huzunguka bure. Ikibebeshwa kempa, zinashika. Gari linaondoka vizuri, linapanda mlima vizuri, na dereva anajenga imani kwamba amepata chombo cha theluji. Imani hiyo ina nusu ya ukweli. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari kwenye lami kavu husimama ndani ya mita 14 hivi tangu breki ziliposhika; kwenye barafu laini umbali huo hukaribia mita 100. Uzito haupunguzi hata mita moja kati ya hizo, kwa kuwa unapoongeza mshiko wa tairi unaongeza kwa kiasi kilekile nguvu inayolisukuma gari mbele. Tofauti ni kwamba tani sita zikigonga, zinagonga kama tani sita. Kwenye kona, kibanda kirefu huendelea na njia yake ya awali huku tairi zikijaribu kukata.

Mteremko nao una fundisho lake. Pikapu za dizeli zina breki ya moshi, inayotumia injini kupunguza mwendo, na katika milima ya kiangazi ni msaada mkubwa. Kwenye barafu, gari likiwa katika hali ya kuendeshwa kwa magurudumu mawili, breki hiyo huzuia tairi za nyuma peke yake, na mkia unaweza kuchomoka ghafla. Dereva mwangalifu huizima, huingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, na kushuka taratibu kana kwamba amebeba trei ya mayai mapajani.

Hakuna barabara inayofundisha uzito na kimo kwa ukali kuliko I-80 katika jimbo la Wyoming. Kipande cha kati ya Laramie na Walcott kilifunguliwa tarehe 3 Oktoba 1970, kikapita jirani na mlima Elk ingawa wenyeji walikuwa wameonya juu ya upepo wa huko. Siku chache baadaye dhoruba ilikifunga. Mtafiti Ronald Tabler alitumia miaka mingi kusanifu nyua ndefu za mbao zinazoinasa theluji kabla haijafika barabarani. Nyua hizo bado zimesimama kwa kilomita nyingi, na zimeokoa maisha. Upepo wenyewe hauzuiliki. Idara ya Usafirishaji ya Wyoming huifunga barabara kwa magari mepesi yenye kimo kirefu huku mengine yakiruhusiwa kupita, na maneno hayo yanaigusa kempa moja kwa moja: ina kimo, na ni nyepesi mno kusimama imara mbele ya upepo unaoyapindua matrela. Mashariki ya Laramie, pale Sherman, barabara hufika mita 2,633, kimo cha juu kuliko popote pengine kwenye I-80. Msafiri mwenye busara hutazama taarifa ya upepo kabla ya ile ya theluji, na anapoambiwa asubiri, hukaa. Hapo ndipo kempa inapolipa gharama yake, kwa maana nyumba ipo na haraka haipo.

Sheria za tairi hutofautiana, na ugeni si udhuru. Quebec hulazimisha tairi za majira ya baridi kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. British Columbia huzidai kwenye barabara zake nyingi za milimani kuanzia 1 Oktoba. Colorado, kwenye I-70 kati ya Dotsero na Morrison, inataka kila gari liwe na tairi zinazofaa au vifaa vya kuongeza mshiko kuanzia Septemba hadi Mei. Anayevunja sheria hiyo wakati inatumika hutozwa zaidi ya dola 130, na akiziba barabara kwa sababu hiyo zaidi ya dola 650. California ina madaraja matatu ya amri ya minyororo, la tatu likimhusu kila mtu bila kujali gari lake. Tairi inayofaa kweli ina alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Minyororo ijaribiwe nyumbani, mchana, mikono ikiwa na joto. Mwenye kempa lazima aangalie kama nafasi kati ya tairi na kingo za kibanda inaitosha, na akishaifunga asizidi kilomita 50 kwa saa. Hewa ya tairi nayo hupungua kadiri baridi inavyozidi, takriban psi moja kwa kila nyuzi tano au sita za Selsiasi, kwa hiyo gari lililopimwa bondeni huamka mlimani likiwa na tairi laini chini ya mzigo uleule.

Dizeli ina nta ndani yake. Ile ya kawaida huanza kupata ukungu karibu na nyuzi 10 chini ya sifuri, nta inajikusanya, filta inaziba na injini inazimika. Vituo vya mafuta vya mikoa ya baridi huuza dizeli iliyochanganywa kwa ajili ya msimu. Anayejaza tanki Arizona kwenye jua na kulala siku ya pili Wyoming amebeba mafuta ya kiangazi. Dawa ya kuzuia nta hufaa ikimiminwa kabla ya baridi. Nta ikishaganda, chupa hiyo haina kazi. Huko Fairbanks, Alaska, nyaya za umeme huning'inia mbele ya magari, na maegesho mengi yana soketi za kupasha injini usiku kucha.

Basi gari limefika, limeegeshwa, na giza limeingia saa kumi na moja jioni. Usiku una saa 14. Ndipo upande wa pili wa habari unapoanza.

Kempa nyingi hupashwa joto na tanuru dogo la gesi ya propani. Propani inafaa kwa sababu huchemka na kuwa mvuke hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, wakati butani, inayojaza vijikopo vingi vya majiko ya kambini, hugoma mara tu joto linapokaribia sifuri. Tanuru lenye nguvu ya kilowati sita hivi likiwaka bila kupumzika humaliza mtungi wa kilo 9 kwa takriban saa 20. Likiwaka nusu ya muda, mtungi hudumu saa 40 hivi, yaani chini kidogo ya siku mbili. Wengi huhesabu gesi wakasahau umeme. Feni ya tanuru hula ampea saba au nane, na katika usiku mrefu inaweza kumaliza ampea-saa 50. Betri ya risasi yenye ukubwa wa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, na baridi kali huipunguzia uwezo zaidi. Kwa hiyo saa kumi alfajiri mtungi una gesi, tanuru ni zima, na kibanda kinaganda kwa sababu betri imekufa. Betri ya risasi iliyoisha chaji huganda kwa urahisi ikapasuka. Ile ya lithiamu haiwezi kuchajiwa salama ikiwa yenyewe iko chini ya nyuzi sifuri, isipokuwa ina kipasha-joto ndani yake. Sola? Paneli zimefunikwa theluji, na Fairbanks katika siku fupi kabisa za Desemba haioni hata saa nne za mchana.

Maji ndiyo yanayowashangaza wageni, na si yale ya kwenye mabomba. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo. Kempa ya kawaida ina mita za ujazo 15 za hewa. Maana yake ni kwamba glasi moja ya maji, gramu 250 tu, inatosha kuijaza hewa yote ya kibanda kile hadi isiweze kubeba tena. Watu wawili wakilala usiku mmoja hutoa nusu lita kwa pumzi na ngozi. Chai ikichemshwa huongeza. Jiko la gesi huongeza hata bila sufuria, kwa kuwa kila kilo ya propani ikiungua huzaa kilo 1.6 za maji. Buti zenye theluji, soksi zilizoanikwa, mbwa aliyelowa, vyote vinaingia kwenye hesabu hiyo. Mvuke usipopata pa kutokea hutafuta sehemu yenye baridi zaidi: kioo, skrubu, kona ya kabati, na chini ya godoro.

Chini ya godoro ndipo pabaya. Kitanda kile kilicho juu ya dereva kina hewa ya nje pande karibu zote, hata chini yake. Mwili unatoa joto na unyevu, unyevu unapenya godoro, unakutana na ubao wa baridi na kugeuka maji. Baada ya wiki moja mwenye nyumba anainua godoro na kukuta kuvu jeusi. Wazoefu huweka chini yake mkeka wa nyuzi ngumu au chaga za mbao ili hewa ipite, na kila asubuhi huliinua likauke. Nyumba za fibaglasi kutoka British Columbia, kama zile za Bigfoot na Northern Lite, zina viungo vichache na hivyo nafasi chache za kuvuja na kuoza, na Northern Lite huweka madirisha ya tabaka mbili. Arctic Fox, zinazotengenezwa na kampuni ya Northwood huko La Grande, Oregon, huweka matanki yake mahali panapopata joto la tanuru. Hata hivyo, maneno ya majira manne yanayobandikwa ubavuni hayana kipimo kimoja cha kisheria, na mnunuzi anapaswa kufungua kabati, kugusa kuta na kuuliza bomba la maji limepita wapi.

Dawa ya unyevu inakwenda kinyume na silika ya mwanadamu: fungua dirisha. Anayetetemeka hutaka kuziba kila tundu kwa tepu na sponji. Lakini hewa ya nje yenye nyuzi 15 chini ya sifuri ina chini ya gramu mbili za maji kwa mita ya ujazo. Ikiingia na kupashwa joto inakuwa kavu kabisa, inanyonya mvuke wa ndani na kuutoa nje kupitia tundu la paani. Gesi itatumika zaidi, na hiyo ndiyo bei ya godoro kavu. Tundu la paani likifunguliwa upana wa vidole viwili, dirisha la chini nalo kidogo, na feni ikizunguka wakati wa kupika, kibanda hubaki na hewa ya kuvutika na madirisha yanayoonyesha nje. Katika mambo yote ya kempa, hili ndilo linalopuuzwa zaidi, na linastahili kuwa la kwanza kufundishwa.

Kwa sababu hewa ni jambo la uhai. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Huanza kwa maumivu ya kichwa na kichefuchefu, dalili ambazo mtu aliyechoka na safari huzipa majina mengine, kisha humlaza. Kwa takwimu za Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, zaidi ya watu 400 hufa kwa gesi hiyo kila mwaka nchini humo, mbali na vifo vya moto. Kempa ina vyanzo kadhaa: jiko linalotumiwa kama hita, jenereta iliyowekwa karibu na dirisha, bomba la moshi la tanuru lililofunikwa na theluji iliyoanguka usiku, na injini ya pikapu yenyewe ikiachwa inanguruma huku bomba lake limezikwa. Hita ndogo za gesi zisizo na bomba la kutolea moshi hupendwa kwa bei yake, na nyingi zina kifaa kinachozizima oksijeni ikipungua. Watengenezaji wenyewe huonya kwamba zinaweza kujizima juu ya mita 2,100 hivi, yaani chini kuliko Sherman na chini kuliko maegesho mengi ya ski ya Colorado. Anayeitegemea hita ya namna hiyo huko juu amejitegea mtego mara mbili: ikiwaka inakula hewa yake, na ikizimika anabaki na baridi.

Kampuni za Ujerumani, Webasto na Eberspächer, zilijenga zamani hita za dizeli zinazovuta hewa ya kuunguza kutoka nje na kurudisha moshi nje, zikipeleka ndani joto kavu peke yake. Zinakula kati ya lita 0.1 na 0.3 kwa saa. Nakala za bei nafuu kutoka China zimeenea sana, na ufanisi wake ni wa kweli, lakini usalama wake unategemea kabisa aliyezifunga: bomba la moshi likiachia kiungo chini ya sakafu, sumu inapanda ndani. Hita hizo hizo ndizo zinazowapasha joto madereva wa malori.

Hapo habari hii inawafikia wasemaji wa Kiswahili kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi wanaoishi Marekani na Kanada wanaendesha malori ya masafa marefu, na kabini iliyo nyuma ya usukani ndiyo chumba chao cha kulala kwa wiki nzima. Sheria ya Marekani humruhusu dereva kuendesha saa 11 ndani ya kipindi cha saa 14, kisha apumzike saa 10 mfululizo. Mapumziko hayo yakimkuta Januari katika I-80, anayapitisha kwa masharti yaleyale ya kempa: unyevu, betri, nta kwenye dizeli na moshi. California hairuhusu lori zito kuunguruma likiwa limesimama zaidi ya dakika tano, hivyo injini haiwezi kuwa jiko la usiku mzima. Kongo ilikuwa kwa miaka kadhaa miongoni mwa nchi zilizotoa wakimbizi wengi waliopewa makazi Marekani, na familia nyingi zimepelekwa katika majimbo ya baridi ambayo hakuna aliyewafundisha namna ya kuyaishi. Kijana aliyezaliwa Uvira na kukabidhiwa funguo za lori Iowa anahitaji maarifa haya kwa lugha anayoielewa, yasiyoishia kwenye mtihani wa leseni.

Dhoruba ya Buffalo, jimbo la New York, Desemba 2022, iliua zaidi ya watu 40, na baadhi yao walikutwa ndani ya magari yaliyozikwa. Ushauri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani kwa aliyekwama ni wa wazi: abaki kwenye gari, awashe injini dakika 10 hivi kila saa, afungue dirisha kidogo, na kabla ya kuwasha ahakikishe bomba la moshi halijazibwa. Sepetu ikae ndani, pembeni ya kitanda. Iliyofungwa kwenye sanduku la nje, chini ya theluji, haimfikii anayeihitaji.

Mabomba ya maji yana suluhisho rahisi kuliko watu wanavyojisumbua. Wakaazi wengi wa kempa za baridi huyakausha kabisa mwezi Novemba, huyajaza dawa ya waridi ya propilini glaikoli, na kutumia madumu ya lita 20 yanayokaa karibu na tanuru. Choo huwa cha kaseti au cha mfuko. Wanaosisitiza kuoga ndani kila siku hutumia msimu mzima wakiyeyusha valvu.

Mpaka wa kempa pia upo, na ni vizuri ujulikane. Barabara ya Dalton, Alaska, huenda kilomita 666 hadi Deadhorse na kupita njia ya mlimani ya Atigun, mita 1,444 juu ya bahari. Pembeni yake, Prospect Creek, tarehe 23 Januari 1971 palipimwa nyuzi 62 chini ya sifuri, baridi kali kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Marekani. Katika kiwango hicho propani hubaki kimiminika na tanuru halina cha kuunguza. Kampuni nyingi za kukodisha magari haziruhusu magari yao kupita huko, na zina haki. Kuta za sentimita nne au tano hazikujengwa kwa ajili ya usiku kama huo, hata zikiandikwa nini ubavuni.

Kwa Colorado, Washington au kusini mwa British Columbia, kempa iliyo juu ya pikapu inayoiweza ni makao mazuri ya majira ya baridi, kuliko hema na kuliko trela la kuvutwa, kwa kuwa ni gari moja lenye uzito juu ya tairi zinazoliendesha, na linaweza kugeuka na kurudi lilikotoka. Mpya yenye kuta ngumu huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, hivyo wengi hununua kuukuu. Kwao ushauri ni huu: kabla ya hita mpya, kabla ya sola, kabla ya mapazia, pikapu na kempa vipelekwe kwenye mizani ya malori na namba zilinganishwe na kibandiko cha mlangoni. Kisha kitafutwe kitambuzi cha kaboni monoksaidi kilichoko ukutani. Kila kimoja kina tarehe ya mwisho wa kutumika, kwa kawaida imechapwa nyuma, na katika kempa ya mtumba tarehe hiyo mara nyingi imeshapita. Kipya ni rahisi kuliko tairi moja. Kinunuliwe kabla ya usiku wa kwanza.